Mkwe, mama mkwe na meza moja ya suluhu pale Dodoma

Wakuu, habari za Jumapili.

Hii ni kwa mawakili vijana humu, hasa nyie mnaosema mediation, yaani usuluhishi, ni chai na biskuti tu. Nasimulia nililoliona mwenyewe, chumvi nimeiacha jikoni.

Miaka ile mashirika ya umma yanauzwa, nilikuwa na kaofisi Dodoma mjini. Akaja client, mama wa Kigogo kutoka Hombolo, nimwite Mama Eliza. Binti yake Eliza alikuwa amefariki, kaacha watoto na shamba la zabibu alilolima na mumewe, Yohana. Mama ndiye aliyekuwa akiishi pale, analea wajukuu. Sasa Yohana anataka kuuza shamba, na mama hana pa kwenda na wale watoto.

Wakili wa Yohana, mtu wa Dar, muungwana tu, akaomba tukae kwanza tuyamalize. Akawaweka meza moja, wakitazamana.

Wakuu, hakuna aliyefungua mdomo.

Mama kajifunika khanga mpaka puani, kageukia ukuta. Yohana kainamia viatu vyake. Mwenzangu wa Dar akanivuta pembeni, akasema hawa wana kiburi, bora twende mahakamani.

Nikatoka na mama nje, nikamuuliza taratibu kulikoni.

"Mwanangu, yule ni mkwe wangu. Nitamtazamaje usoni?"

Kwa wasiojua, kwa Wagogo heshima ya mkwe na mama mkwe ni kukwepana. Miaka yote maneno yao yalipitia kwa Eliza. Eliza alipofariki, hakuna aliyebaki wa kuyapeleka.

Basi tukapanga upya. Mama chumba cha ndani, Yohana cha nje, mlango wazi kidogo, sisi mawakili tunapeleka maneno. Kichekesho ni kwamba walisikiana vizuri tu, ila kila mmoja alisubiri turudie ndipo ajibu.

Ndipo Yohana akaeleza kwamba amepunguzwa kazini, anaona aibu kurudi kijijini mikono mitupu, ndiyo maana anataka auze afungue duka mjini. Niliumia, siwafichi.

Mama akaniambia:

"Mwambie mkwe wangu arudi alime, watoto wanamuulizia. Mimi nitahamia kile kibanda cha upande wa pili wa shamba, tusiwe tunakutana njiani."

Yohana hakungoja nirudie. Alikuwa analia.

Shamba halikuuzwa. Wakasaini, kila mtu chumbani kwake. Mama akabaki nyuma ya mlango mpaka Yohana alipoondoka kabisa, ndipo akatoka.

"Tangu mwanangu afe," akaniambia, "leo ndiyo nimeongea na mkwe wangu."

Vijana, kabla hujapanga viti, muulize client wako ni nani hawezi kukaa naye, na kwa nini. Usiyajibu mwenyewe kichwani.

Wagogo mliomo humu, nirekebisheni nilipoteleza. Na wengine, suluhu gani iliwahi kuwakwamia kwa jambo ambalo hamkufundishwa chuoni?