Kidole Nilichompa Mdogo Wako

Baba yangu alizaliwa Muheto, katika nyumba iliyotazama shamba lile lile la maharagi tunalolilima leo. Mama yangu alizaliwa Buleusa, upande wa Walikale, akaletwa huku Masisi kuolewa. Majina yao usiyaandike. Yako juu ya misalaba yao, na anayeyataka apande kilimani akayasome. Mimi sikusoma. Kwa hiyo, mjukuu wangu, andika jinsi ninavyosema, wala usinipambe.

Unaukumbuka ule ugonjwa wa mkanda wa jeshi ulionishika ubavu wa kushoto. Malengelenge yalikauka, ngozi ikarudi kuwa ngozi, lakini moto ukabaki chini yake. Nguo ikinigusa, nilihisi kama nimewekewa kaa. Vidonge nilivyopewa vilinitia kizunguzungu, nikaanguka mara mbili kwenye mteremko wa shamba. Ndipo daktari aliponituma Goma, kwa mfamasia anayechanganya pomadi kwa mikono yake, kila mgonjwa na ya kwake. Nilisimama mbele ya meza nikimtazama akipima unga mweupe kwenye mizani ndogo, kisha unga mwingine, akavikanda pamoja na mafuta mazito juu ya kioo mpaka vikawa kitu kimoja laini. Alinieleza kwamba dawa ile huulaza mshipa wa fahamu unaouma. Nilimcheka moyoni. Pomadi imlaze nani? Lakini siku ya tatu nilibeba kikapu cha mihogo, na nilipokitua mlangoni nililia, kwa maana njia nzima nilikuwa nimeusahau ubavu wangu.

Kopo lilikuja na karatasi. Wewe ulinisomea, ukafika mahali palipoandikwa kwamba baada ya kupaka mikono ioshwe kwa sabuni, na dawa isimfikie mtoto. Nikakukatiza. Nilisema, "Nilipaka watoto mafuta kabla mama yako hajazaliwa. Mimi sifundishwi kupaka." Ukaikunja karatasi, ukaiweka. Maneno hayo yaandike kama yalivyo. Pomadi iliyobaki mkononi nilikuwa nikiifutia kwenye miguu, kwa sababu kwetu mafuta mazuri hayamwagwi na maji.

Mdogo wako alizaliwa majuma machache baadaye. Katika nyumba hii mtoto mchanga akilia, bibi humpa kidole anyonye mpaka mama yake atue mzigo. Nilimpa cha kwangu, kile kile cha kupakia. Alinyamaza upesi kuliko watoto wote niliowalea, nami nikajisifu. Kisha mama yako alipomweka kwenye titi, maziwa yalimtoka pembeni mwa mdomo. Alikohoa, akapaliwa, kana kwamba hajui titi ni kitu gani. Siku ya kwanza tulisema ni mafua. Siku ya pili sauti yake ilikuwa imepungua, na utosi umebonyea.

"Ni kilimi," nilisema. Kile kinyama kinachoning'inia kooni, sisi tuliamini kwamba kikirefuka humzuia mtoto kunyonya, na dawa yake ni kukikata.

Mama yako alikataa. "Mama, tumupeleke kwanza kwa muganga wa kituo cha afya. Alisema kilimi haikatwake."

"Huyo muganga amezaa wangapi?"

"Mama, huyu njo mutoto wangu."

"Na baba yake ni wangu. Alikatwa kilimi, na leo anakula bukari ya watu watatu peke yake."

Sikumwambia habari ya mtoto wangu wa tatu, aliyekatwa kilimi akatokwa na damu kutwa nzima, tukamzika. Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba alikufa kwa homa.

Mkataji wa vilimi niliyemwita alikuja asubuhi, mzee mwenye chuma kidogo kilichopinda ncha. Aliketi mlangoni akikinoa. Mimi nilipaka pomadi yangu, kwa kuwa ningemshika mtoto kichwa na sikutaka ubavu unisumbue. Kisha nikarudi kwenye sufuria ya maharagi ya mgeni. Nilichovya kidole, nikalamba. Hakuna chumvi. Nikatia, nikalamba. Hakuna. Nikatia tena, konzi nzima.

Mama yako akaonja kwa mwiko, akatema chini.

"Mama! Unataka kutuua? Hii iko chumvi tupu!"

"Chumvi iko wapi?" nilimjibu, na nikayasikia maneno yangu yakitoka mazito, kama ya mlevi. Nikauma mdomo. Haukuuma. Nikauma kwa nguvu, nikajifuta, nikaona damu mkononi, wala sikuhisi kitu.

Nikakitazama kile kidole. Mjukuu wangu, nimekimbia vita, nimelala porini na watoto mgongoni, lakini mwili wangu haujawahi kuganda namna ile. Mlangoni, mzee alikuwa amekwisha kumfungua mtoto kinywa kwa kijiko.

"Acha!"

"Leo unaogopa damu, Mama?" mzee alicheka. "Si wewe ulimushikaka baba yake, mukono hautetemeke?"

"Weka chuma chini. Lamba hiki kidole."

"Nilambe mukono wa mwanamuke, mbele ya watu?"

"Lamba!"

Alilamba huku akimkonyeza baba yako aliyesimama karibu. Tukangoja. Baada ya kitambo alitoa ulimi nje, akaushika kwa vidole viwili. "Ayii! Ulimi wangu umeenda wapi?" Baba yako aliangua kicheko. Mama yako hakucheka. Alimnyakua mtoto, akanitazama, nami nikasema mbele ya wote, "Mtoto haumwi kilimi. Ni mimi, ni dawa ya kidole changu."

Alishuka naye mbio hadi kituo cha afya, mimi nikimfuata nyuma. Muganga alimnywesha maziwa ya mama yake kwa kikombe, kidogo kidogo. Kisha alinigeukia, akaniambia kwamba dawa ya ganzi iliyo ndani ya pomadi ikizidi inaweza kuusimamisha moyo wa mtoto mchanga. Kabla jua halijatua, mdogo wako alishika titi, na nilimsikia akimeza.

Ubavu wangu bado unaihitaji pomadi, na sitaiacha. Wewe sasa hifadhi karatasi ile ya dawa. Kila kopo jipya likija, nisomee yote hadi mwisho, hata nikikukaripia. Sabuni ikae juu ya kopo, mkono wangu uikute kwanza. Kopo likiisha, mtu asilitie chumvi wala mafuta ya mtoto kama tulivyozoea, litupwe chooni. Na pale niliposema habari ya mtoto wangu wa tatu, usipafute. Baba yako anaamini kwamba ndugu yake alikufa kwa homa. Mpe karatasi hizi asome mwenyewe, na ukae naye mpaka amalize.