Kompyuta ya Chumba cha Mwisho

Siku mtandao wa ofisi yetu ulipoonyesha vipimo vizuri kuliko siku zote, nilirudi nyumbani nikakuta kabati la mke wangu tupu.

Tupu kabisa. Hata hanga kabeba.

Mimi ni fundi wa mitandao. Shule niliacha mapema, kazi nimeijulia kwenye kuvuta nyaya. Mke wangu alikuwa karani ofisi hiyohiyo, chumba cha mwisho. Kompyuta yake na ya mpiga picha wa ofisi zilitumia waya mmoja wa kizamani.

Jumatatu ya wiki ile alinifuata.

"Mume wangu, mashine yangu haitumi. Mpiga picha anarusha mapicha yake kutwa, mimi—"

"Nimepima! Waya unabeba asilimia tisini na tano ya uwezo wake. Mtandao unapaa, unataka nini tena, mbawa?"

"Kwa hiyo nikiandika kitu, kinafika?"

"Kinafika, bwana. Acha usumbufu."

Akarudi chumba chake. Nikajiona kidume.

Ijumaa ndiyo akaondoka.

Jumatatu iliyofuata nikakaa kwenye kiti chake, nikawasha kompyuta.

Kwenye waya wa aina ile, wawili wakituma pamoja wanagongana. Aliyefanikiwa kupita anaanza upya, bila kungojeshwa. Aliyekosa anaongezewa muda wa kungoja, na akigongwa tena anaongezewa zaidi. Akishindwa mara kumi na sita, mashine inaacha kujaribu, ujumbe wake hautoki.

Tisini na tano yangu ilikuwa kweli. Ila yote ilikuwa ya mpiga picha.

Kwenye barua zilizokwama kulikuwa na moja, ya Jumanne. Ya kwangu.

"Nyumbani huniachi nimalize sentensi, ndiyo maana naandika. Nimepewa uhamisho, mbali. Ukisema nibaki, nabaki. Nangoja jibu lako hadi Ijumaa mchana."

Siku zote hizo tulikula meza moja. Alikuwa ananitazama tu. Mimi nilikuwa naongea.

Nikampigia. Akapokea haraka, kama aliyekuwa kaishika simu mkononi.

"Nilingoja," akasema. "Nilitaka tu unia—"

"Subiri nikueleze!"

Nikamweleza. Waya, migongano, mara kumi na sita, mpiga picha na mapicha yake. Nikaeleza vizuri mno.

Nilipotulia kuvuta pumzi, simu ilikuwa imeshakatwa. Sijui saa ngapi.

Waya niliubadilisha siku ileile. Nusu saa tu.

Wenzangu mlio na wake, msipime maneno mangapi yanapita nyumbani kwenu. Pimeni nani hajapata zamu.