Mteja Asiyekula Chumvi

Sina sababu ya kuwadanganya. Kwa umri wangu huu nidanganye nipate nini? Haya yalitokea sebuleni kwangu, mtaa wa Gerezani, mchana kweupe, adhuhuri imeshaswaliwa. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize.

Mjukuu wangu Rehema anaandika programu za kompyuta. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini nikimsifia huyu mtoto nina haki, nimemlea mwenyewe. Maduka ya vitenge kule Kariakoo yanauza kwa programu zake. Kila akianza kazi hufungua faili mpya, na juu yake maneno hujiandika yenyewe: Bismillahi, halafu "Imeandikwa na Rehema", halafu tarehe. Kinachoyatoa maneno hayo anakiita kiolezo, na alikipanga yeye. Bismillahi ni shauri langu. Nilimwambia hicho si ndiyo kikaango cha vitumbua? Mimina uji wowote, kitakachotoka kina umbo la shimo. Akacheka. "Ndiyo hicho hicho, Bibi."

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, mtaa mzima tope. Natoka jikoni, namkuta mwanamume kakaa kwenye kiti anaongea na Rehema. Hodi sikuisikia. Shikamoo sikuipata, na kwangu alikuwa mtoto. Shati limepigwa pasi, viatu vyeusi, vikavu, havina hata tone la tope. Niambie, alipita wapi?

Nikamletea wali na samaki, maana kwangu mgeni hakai na mdomo mkavu. Akanusa.

"Una chumvi?"

"Wali gani hauna chumvi, baba?"

"Basi sili." Akaisukuma sahani.

Sisi wa pwani tunajua nani hali chumvi. Nikamvuta Rehema jikoni.

"Huyo si mtu."

"Bibi naye! Kila mgeni kwako jini."

"Na kwako kila mgeni mteja."

"Ana kazi kubwa huyu, Bibi. Usinifukuzie."

Tukarudi. Yule mtu akasema anataka jina lake likae pale juu, badala ya la Rehema. Rehema akamwambia hakuna tabu, ataliweka kwenye kila faili ya kazi yake.

"Sitaki kwenye faili," akasema. "Weka kwenye kiolezo. Na ule mstari wa kwanza utoe."

Hapo ndipo mtoto wangu alipokosea. Aliona ni kitu kidogo, akimaliza kazi ya mtu atakirudisha kama kilivyokuwa. Akafuta Bismillahi, akafuta jina lake, akaandika la yule, ambalo mimi silitaji hapa. Nikageuka kumtazama mgeni. Kiti kitupu. Mlango umefungwa, na komeo limo kwa ndani.

"Rehema!"

Yeye anafungua faili mpya, anafungua nyingine, nyingine tena. Nikamshika bega. Akanitazama kama unavyomtazama mtu mliyekutana kwenye foleni.

"Unamwita nani, mama?"

Mama! Mimi, bibi yake!

Niamini, sikulia. Nilichota chumvi jikoni, nikamtia mdomoni kwa kidole, kama nilivyomlisha utotoni. Akakunja uso. Machozi yakamtoka.

"Bibi," akasema polepole, "hapa juu niandike nani?"

"Andika Rehema."

"Rehema ndiyo nani?"

"Ni wewe. Ni jina la mama yangu. Andika."

Akaliandika herufi moja moja, kama mtoto wa chekechea. Bismillahi akairudisha mwenyewe, bila kuambiwa.

Yule mtu hajaonekana tena. Zile faili zilizofunguliwa saa ile zimo bado. Rehema akizifuta leo, kesho zipo, na jina lile juu. Yeye ni mzima, kazi zinamfuata mpaka nyumbani. Ila zamani nikimwita alikuwa anaitika "Abee!" kabla sijamaliza. Sasa hunyamaza kwanza, kama anatafuta anayeitwa.

Ninyi wenye watoto wa kompyuta, sikieni. Mteja apewe jina lake kwenye kazi yake, basi. Pale zinapozaliwa kazi zote, mtu asiguse. Na kabla hamjakubaliana lolote, mpeni chakula chenye chumvi, mkae mumtazame akila.

Rehema yumo chumbani. Nimemwita aje anisomee haya niliyoandika. Bado hajaitika.