Matairi Manne kwa Saija

Tuovi hakuwa mtu wa kupokea kitu bila kukigeuza upande wa pili. Mkate aliupima mkononi kabla ya kuulipia, na mtu akimsalimu kwa uchangamfu uliozidi, alijiuliza anataka nini. Watu wa mji wao mdogo wa Taivalkoski walimjua hivyo tangu akiwa mpishi wa shule mpaka akastaafu. Walisema aliyemfunda ni Veijo.

Veijo alikuwa mume wake. Mwaka mmoja alipoteza kazi yake ya kukata miti, na majira yote ya baridi akawa anaondoka nyumbani alfajiri na chupa yake ya kahawa, kumbe anakwenda kukaa tu garini kando ya ziwa. Tuovi alikuja kugundua wakati theluji inayeyuka. Hakumwacha kwa sababu ya kazi. Alimwacha kwa sababu ya ile chupa, ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiijaza kila asubuhi kama mjinga.

Sasa ilikuwa Oktoba, barafu nyembamba imeanza kushika madimbwi, na jirani wa Veijo, mtu aitwaye Kaarlo, alisimamisha gari mlangoni kwa Tuovi akateremsha matairi manne ya misumari, yale ya kushika barafu.

"Ya binti yenu, Saija," alisema. "Baba yake anasema ya mtoto yamechoka, na njia ya kwenda mjini Oulu si ya kuchezea."

"Mbona hakuleta mwenyewe?"

"Mimi mbeba mzigo tu, Tuovi." Kaarlo aliangalia viatu vyake, akakataa kahawa, akaondoka.

Mtu anayekataa kahawa ana jambo. Tuovi alivaa miwani, akapiga magoti barazani, akaanza kusoma ubavu wa tairi la kwanza. Alama ya tairi lililojaribiwa thelujini, chembe ya theluji ndani ya mlima wa vilele vitatu, ilikuwepo. Hapo hakubabaishwa, maana herufi M na S peke yake, za matope na theluji, kiwanda chochote hujichapia bila tairi lenyewe kuonja theluji. Mshale wa upande wa kuzungukia ulikuwepo. Kipimo kilikuwa hasa cha gari la Saija. Akatafuta tarehe, tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 3420. Wiki ya thelathini na nne, mwaka elfu mbili na ishirini.

Basi yamepita majira matano ya baridi. Lakini meno yalikuwa bado marefu, na misumari imesimama yote, kama tairi lililokimbia msimu mmoja.

Alimpigia simu Saija.

"Mama, baba kanipa zawadi. Huwezi kusema asante ikaisha?"

"Nitasema nikijua nashukuru nini. Haya yalikuwa wapi miaka yote hii?"

"Labda dukani."

Hayakuwa dukani. Tuovi alipolipindua tairi aliona chaki upande wa ndani: mbele kushoto, kwa mwandiko wa Veijo unaolala kama nyasi za upepo. Matairi yalikuwa yake mwenyewe, ya gari lake. Sasa mzee anatembelea nini, na barafu ndiyo hii? Kanunua gari jipya kimya kimya. Au kapata mwanamke mwenye gari. Wazo hilo lilimchoma kuliko alivyotarajia, na kwa kuwa lilimchoma, akazidi kuliamini.

Kesho yake alitia tairi moja kwenye buti, akaendesha mpaka kwa Veijo.

Gari la zamani lilikuwa uani, limepandishwa juu ya magogo, turubai limefunikwa na majani ya miti. Kutoka nguzo ya mlango mpaka banda la kuni ilivutwa kamba, imekazwa usawa wa kiuno. Veijo alitokeza kizingitini.

"Nani?"

Tuovi alikuwa amesimama hatua chache tu mbele yake, na kofia yake nyekundu kichwani. "Unanijua."

"A, Tuovi. Jua limenipiga machoni."

Jua halikuwepo. Tuovi alipoingia aliangalia viatu vya mlangoni: vya Veijo peke yake. Hata hivyo hakutulia.

"Kamba ya nini?"

"Ya kuanikia nyavu."

"Nyavu ziko wapi?"

"Umekuja kunywa kahawa au kupekua?" Veijo alimimina, na alipomimina alitumbukiza ncha ya kidole kikombeni, akasimamisha birika kahawa ilipokigusa.

Tuovi alitoka, akarudi na tairi, akaliegemeza kwenye kiti chake. "Nisomee tarehe."

Veijo alipeleka kidole gumba ubavuni mwa tairi, akakipitisha polepole juu ya herufi zilizoinuka, akarudi nyuma kidogo, akasimama. "Thelathini na nne, ishirini."

"Umekariri. Ulinunua mwenyewe."

"Basi nipeleke kwenye la kwako."

Walitoka. Veijo alichuchumaa kando ya gari la Tuovi, akafuta matope kwa mkono, akapapasa. Ilimchukua muda. Tuovi alitamani akosee.

"Kumi na moja, kumi na sita," alisema. "Miaka tisa. Na wewe ndiye uliyekuja kukagua matairi ya watu?"

Tuovi alijua. Alikuwa akiahirisha kuyabadilisha. "Tangu lini, Veijo?"

"Presha ya macho. Daktari alinikataza kuendesha kabla ya msimu wa pili wa hayo matairi. Naona kama nachungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba."

"Miaka minne. Na Kaarlo anajua."

"Kaarlo ananiletea unga."

"Na mimi?"

"Ungedhani nadanganya."

Ni kweli, Tuovi angedhani. Hata pale, akimwangalia anavyotafuta kamba kwa mkono, sehemu moja ya moyo wake ilikuwa bado inampima.

Veijo alimwomba asimwambie binti yao. Tuovi alikataa palepale. Alisema ya kufichana yalishamtosha. Siku hiyohiyo alimwambia Saija, na Saija akalia, akaja Jumamosi, matairi yakafungwa, mishale ikitazama mbele.

Wiki iliyofuata Tuovi alikwenda kununua ya kwake, akampitia Veijo. Dukani mzee aliinamia matairi moja moja, kidole gumba kikitembea. Muuzaji akamwuliza Tuovi pembeni kama babu anatafuta tundu.

"Anasoma," alisema Tuovi. "Mwache amalize."

Veijo alisema yote manne ni ya mwaka huu. Tuovi alivaa miwani, akapita nyuma yake. Matatu yalikuwa ya mwaka huu. La nne lilikuwa la miaka miwili nyuma, tarakimu zake zikiishia na tatu, si tano.

"Tano na tatu zinafanana kidoleni," Veijo alijitetea.

"Ndiyo maana nimekuja na macho yangu," alisema Tuovi, akamwita muuzaji alibadilishe.