Nyumba Niliyoipata kwa Miguu Yangu

Mpira wa kwanza nilioupiga maishani niliupiga nikiwa na kikapu cha majani chai mgongoni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika shamba moja upande wa Kericho, ambako kazi ilimleta baba yangu kutoka Maragoli kabla sijazaliwa. Wanaume wa kiwandani walikuwa wakicheza, mpira ukawaponyoka, ukabingirika kwenye njia ya trekta hadi nilipokuwa. "Dada, turushie!" mmoja akaita. Mikono yangu ilikuwa imejaa majani. Nikaupiga kwa mguu mtupu, ukapita juu ya vichwa vya watu watatu na kutua mbele ya yule aliyeuomba.

Wanaume walicheka, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa fundi wa boila, Mkipsigis mwenye goti lililoharibika, ambaye ndiye aliyekuwa akiwafundisha. Jioni alikuja kwetu kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi, akakaribishwa chai.

"Mzee," alimwambia baba, "msichana wako ana mguu. Sikukuu ya michezo inakuja na mimi nataka wanawake wacheze mpira."

"Si wacheze netiboli," mama akajibu kutoka jikoni.

"Netiboli wanacheza kila mwaka, mama."

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alikunywa chai yake yote, kisha akauliza swali moja tu: "Watavaa nini?"

"Sketi. Na bukta ndani."

"Basi bukta iwe ndefu."

Mama alinuna siku tatu. Siku ya nne akachukua suruali kuukuu ya kaki ya baba, akaikata, akanishonea bukta kwa mkono, mshono mara mbili kila upande. Alisema kama lazima tuaibike, hatutaaibika kwa nguo iliyochanika.

Tulikuwa wachumaji kumi na wanne, wengine mama wa watoto. Kila mtu alitaka kucheza mbele afunge magoli. Mimi fundi aliniweka katikati, namba sita. Sikufurahi. Nilidhani ameniweka pale kwa sababu simjui mtu yeyote wa kunipigania. Lakini alikuwa na mafunzo yake kwangu peke yangu. Alinisimamisha nimewapa wenzangu mgongo, wao wakawa wanahamahama, halafu ghafla ananiuliza, "Nani yuko kushoto? Nani amebaki nyuma?" Nikikosea, tunaanza upya. Kwa wiki nyingi nilikosea. Kisha ikafika siku nikawa nawasikia kwa vishindo vyao, huyu mzito, huyu mwepesi, yule anayeburuta kisigino, nikawataja wote bila kugeuka. Fundi hakunisifu. Alisema tu, "Sasa unaweza kupewa mpira."

Sikukuu ile tulicheza, watu wakafurahi. Habari ikaenda mbali, hata tukaalikwa Siongiroi kucheza na wanawake wa huko, walimu na mabinti wa wakulima. Tulipanda lori la kubebea majani, tukiimba hadi sauti zikakauka. Ilikuwa siku ya soko. Watu waliacha ng'ombe wao wamefungwa wakaja kuzunguka uwanja, na si kwa heshima. Mwanamume mmoja mwenye koti refu alikuwa akipiga kelele, "Njooni muone wanawake wakianguka!"

Kweli tulianguka. Kipindi cha kwanza tulifungwa goli moja, nami nilipigwa mateke hadi mguu ukavimba. Mapumzikoni nilikuwa karibu kulia. Fundi alininyooshea chupa ya maji akasema, "Wanakupiga wewe kwa sababu wamejua mpira unapita kwako. Ukiondoka, watapumzika."

Sikuondoka. Tulisawazisha kwa kona. Kelele za kucheka zikaanza kupungua, watu wakawa wanatazama mchezo. Zikiwa zimebaki dakika chache, nilipokea mpira nikiwa nimeligeuzia goli mgongo, wawili wakinijia. Nikasikia kushoto hatua fupi za haraka. Nilizijua. Zilikuwa za mama mmoja wa Kipsigis, jirani yetu kambini, ambaye asubuhi ile alikuwa amemwachia dada yake mtoto wa mwaka mmoja. Sikugeuka kutazama. Nikaupitisha mpira katikati ya wale wawili, naye akaukuta, akafunga.

Yule wa koti refu ndiye aliyeruka kuliko wote. "Namba sita!" akawa anauliza kila mtu. "Huyo namba sita ni wa wapi?"

Kumbe si yeye peke yake aliyeuliza. Pale kulikuwa na karani wa shamba lingine, upande wa Sotik. Siku zile mashamba yalikuwa yakichukuana wachezaji: golikipa hodari anapewa kazi nzuri na nyumba, anahama. Lakini hao walikuwa wanaume. Wiki iliyofuata karani alikuja kwetu na barua. Nikikubali kuwachezea, nitafanya kazi ya kutunza watoto wa wachumaji, na nitapewa nyumba.

"Nyumba tutaiandika kwa jina lako, mzee," alimwambia baba, "kwa kuwa huyu hajaolewa."

Baba akatikisa kichwa. "Mimi nina nyumba hapa. Tena mimi sikucheza Siongiroi. Andika jina lake."

Karani alisita, akatoa kalamu, akaandika. Mama aliingia ndani akaanza kunikunjia blanketi.

Niliishi katika nyumba ile miaka sita. Chumba kimoja na jiko, mlango wa buluu. Nyapara akija kuhesabu watu anauliza, "Mwenye nyumba yuko wapi?" Nami namjibu, "Unaongea naye." Tulicheza Kaplong, tukacheza Ndanai, tukashinda zaidi ya tulivyoshindwa. Niliolewa, nikajifungua, nikarudi uwanjani, namba ikiwa bado yangu.

Mechi, tangu ile ya sikukuu, zilikuwa Jumapili alasiri, saa ambazo baba alikuwa na mikutano ya kanisa, kwa hiyo hakuwahi kuniona nikicheza. Mwaka wangu wa mwisho tulipangiwa kucheza na shamba langu la zamani, palepale walipoishi baba na mama. Naingia uwanjani, namwona amesimama katikati ya majirani zake, amevaa koti la kanisani, Biblia kwapani. Kila nilipotoa pasi alipiga makofi, peke yake, watu wake wote wamenyamaza.

"Mzee," jirani akamuuliza, "kwani wewe uko upande gani?"

"Wa mtoto wangu," baba akasema, kwa sauti ya kuhubiri iliyofika hadi nilipokuwa.

Nikanyang'anywa mpira hapohapo, na sikujali hata kidogo.