Chanjo ya Mama

Jirani yangu Zuhura anakaanga mihogo hapa Kilwa Kivinje, na mdomo wake hauna breki. Mwaka jana, akiwa na miaka sitini kasoro mmoja, alinitangazia kwamba anataka kuchora tatuu shavuni. Nikamwambia ameanza kuzeeka vibaya.

"Si urembo," akasema. "Namtaka mama."

Mama yake alikuwa Mmwera, na shavuni alikuwa na nembo kama walivyochanjwa wasichana wa zamani: mistari mitatu iliyokutana chini ya jicho. Alifariki kule Njinjo, Zuhura akiwa na miaka tisa, na hakuacha picha hata moja. Sura yake imemtoka Zuhura kidogo kidogo. Pua ilitangulia, kisha macho. Imebaki nembo tu.

"Nikiisahau na hiyo, nitakuwa kama sikuzaliwa na mtu," akaniambia. Utani ukaniishia.

Kilwa Masoko yuko kijana mmoja, Brighton, mwenye mashine ya tatuu. Tulimkuta akimaliza mteja, akaifuta sindano kwa spiriti, akamwita anayefuata. Zuhura ana kisukari, na kidonda cha mguuni kilishamlaza miezi minne. Woga ukamwingia. Akasema twende kwanza zahanati tukaulize.

Kuuliza kwenyewe sasa. Alimkuta muuguzi Cecilia, binti wa juzi tu, akamwambia, "Mwanangu, nataka kuchanjwa."

"Chanjo gani, bibi?"

"Ya mama."

Cecilia akamtazama tumbo, akamtazama mvi, akanitazama mimi. Pale zahanati chanjo ya mama ni ile ya pepopunda wanayochomwa wajawazito. Akauliza kwa adabu zote, "Bibi, una mimba?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Zuhura hakucheka. Alikaa kwenye benchi akaeleza habari ya nembo, taratibu, na nikaona aibu kwa kicheko changu.

Cecilia hakumficha kitu. Sindano iliyopita kwenye damu ya mtu mwingine inaweza kuleta homa ya ini, hata virusi vya UKIMWI, na spiriti ya kufutia haitoshi. Akampima sukari, ikasoma kumi na saba.

"Hata sindano ikiwa mpya, bibi, kwa sukari hii kidonda cha shavuni kitakusumbua. Tuishushe kwanza. Leo sikushauri kabisa."

"Nikingoja, nembo itakuwa imeshanitoka," Zuhura akasema, akalia mbele za watu, yeye ambaye sijawahi kumwona akilia.

Nikafungua mkoba, nikampa wanja na kioo changu kidogo. Akavuta mstari wa kwanza, akaufuta, akahamia shavu la pili, maana nembo ya mama alizoea kuiona uso kwa uso, kama kwenye kioo. Alipomaliza wa tatu akakisogeza kioo karibu.

Mama yake alikufa kijana, hajaota hata mvi moja. Aliyekuwa kwenye kioo ana mvi, mashavu yamelegea, macho mekundu kwa machozi. Pua ilikuwepo. Macho yalikuwepo.

"Kumbe ungezeeka hivi," Zuhura akamwambia.

Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama mtoto aliyetumwa na kurudi. "Shikamoo, mama."

Akabaki amekishika kioo, akingoja marahaba.