Mwalimu Asiyetulia

Mwalimu wa biolojia katika shule ya Nyamirambo hakujua kutulia. Mwaka ule wa 1993 alifundisha akizunguka darasani, chaki ikimvunjikia vidoleni. Siku hiyo alichora seli mama ya neva ikijigawa kuwa seli binti mbili: binti mmoja akabaki kama mama yake, mwenzake akageuka seli ya neva, asijigawe tena. Gaju wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, nani anawachagulia?" Akajibu, "Mama hawagawii mabinti sawa vilivyomo ndani yake."

Ghafla katibu wa shule akaingia na orodha: wanafunzi wasimame kabila kwa kabila, wahesabiwe. Mwalimu akamsindikiza katibu nje, akarudi, akaufunga mlango na kuuegemea. "Choreni tu hiyo seli," akawaambia wanafunzi. "Hakuna mtu anayesimama."